Ukiulizwa "h Yako ni Ngapi?"

ZUHURA: Karibu, msikilizaji. Kama wewe ni mtafiti wa afya, ipo siku utakaa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo na mtu atakuuliza: "h yako ni ngapi?" Jibu lako linaweza kuamua mshahara na ufadhili. Kaka Baraka, hiyo h, yaani namba inayompima mtafiti kwa makala zake na jinsi zinavyorejelewa, inatoka wapi?

BARAKA: Aliyeibuni ni Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Ni mwanafizikia. Unazipanga makala zako, juu ile iliyorejelewa sana na wenzako, yaani iliyotajwa katika makala zao, chini iliyorejelewa kidogo. Ukiwa na makala 5 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 5, lakini huna 6 zilizofika mara 6, h yako ni 5.

ZUHURA: Mtafiti mmoja ana makala 5, zimerejelewa mara 400, 90, 12, 4 na 2. Mwenzake naye ana 5: mara 6, 6, 5, 5 na 5. Nani mkubwa?

BARAKA: Wa kwanza h yake 4, wa pili 5. Kwa kipimo hicho, wa pili ndiye anayetangulia.

ZUHURA: Wakati wa kwanza jumla yake ni 508, wa pili 27! Ile makala ya mara 400 huenda ndiyo iliyobadilisha matibabu ya wodi nzima, na h haiioni.

BARAKA: Kwa uadilifu, h ilikuwa na nia njema. Ilitaka mtu asibebwe na makala moja tu, wala na wingi wa makala zisizosomwa. Tatizo ni kuifanya hakimu pekee.

ZUHURA: Na ukubwa wa uwanja je? Anayetafiti malaria ana maelfu ya wenzake duniani watakaomrejelea. Anayetafiti sumu ya nyoka ana wachache mno. Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, yaani juzi tu. Ukiwapanga hawa wawili kwenye jedwali moja, unamwadhibu aliyekwenda kwenye ugonjwa usio na watafiti wengi.

BARAKA: Hapo nakuunga mkono kabisa. Halafu kuna kurejelewa kwa kupingwa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyojaribu kuhusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilikuwa na watoto 12 tu. Jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010. Imerejelewa mno, na wengi wanaoitaja wanaipinga. Mashine inahesabu kila rejeo, haiulizi kama ni sifa au lawama.

ZUHURA: Sasa nitoe mfano ninaoupenda. Utafiti uitwao FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Kilifi na Teule kule Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Swali lilikuwa: kumpa mtoto maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama tulivyofundishwa miaka yote, kunaokoa?

BARAKA: Na jibu lilishangaza.

ZUHURA: Liliumiza. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji hayo kwa haraka walifariki takriban asilimia 10.5. Wasiopewa, asilimia 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Mwaka 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukasema watoto wenye mzunguko hafifu ambao hawajafikia mshtuko kamili, yaani damu kushindwa kabisa kuufikia mwili ipasavyo, wasipewe maji kwa kasi. Sasa niambie, muuguzi wa zamu anayepunguza kasi ya dripu usiku ili mtoto asizidiwe, anaandika rejeo wapi?

BARAKA: Haandiki popote.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema kwa mtafiti wa afya, swali la kwanza liwe: mwongozo gani umebadilika kwa kazi yako? Kurejelewa kuje baadaye.

BARAKA: Lakini nani mwenye kazi hiyo? Makala ya utafiti mkubwa huwa na majina mengi. Katika tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la msimamizi. Aliyeko katikati anapata h ileile. Watu wetu walioandikisha wagonjwa na kukusanya damu wamekaa katikati miaka mingi, na hata hapo wengine hawaandikwi.

ZUHURA: Hilo lina uchungu wake. Pia namba hubadilika kulingana na hazina ya mtandaoni ya makala ulikochungulia. Google Scholar huhesabu tasnifu na ripoti, Scopus huchagua majarida. Makala iliyochapishwa katika jarida la nyumbani inaweza kuonekana huku, kule isionekane kabisa. Kwa hiyo ukiandika h, andika umeitoa wapi na tarehe gani.

BARAKA: Na majina! Leo Mohamed, kesho Muhammed, pengine jina la babu limetangulia. Kazi za mtu mmoja zinagawanyika, au zinachanganywa na za mwingine. Jisajili ORCID, daftari la mtandaoni la utambulisho wa watafiti, ni bure, unapata namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata ukiolewa ukabadili jina.

ZUHURA: Kisha kwenye faili lako la kuomba cheo, chini ya kila makala andika mistari miwili: ulifanya nini hasa, na nani ameitumia. Kama ni mganga mkuu wa wilaya, mtaje na uambatishe barua yake.

BARAKA: Na kamati?

ZUHURA: Azimio la San Francisco kuhusu kutathmini utafiti, lililoanzia kwenye kikao cha mwaka 2012, linaomba tusimpime mtu kwa hadhi ya jarida alimochapisha. Mimi naongeza: kamati imwombe kila mwombaji makala 3 anazoziona bora, na wajumbe wazisome kabla ya kikao. Zinasomeka kwa jioni moja.