Injili Moja Katika Ploti Moja

Bwana asifiwe, ndugu na dada zangu. Wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili katika ushirika wa wafanyakazi saa ya mchana, katika mafungo, na hata katika mikutano iliyoitwa kwa shughuli nyingine. Nitalisema tena leo kwa sababu bado halijatendeka. Katika ushuhuda wa kila siku, Mkristo wa Nairobi anafanya kazi kana kwamba yu peke yake, ilhali amezungukwa na Wakristo wenzake pande zote. Sizungumzii krusedi, ile mikutano mikubwa ya injili ya uwanjani. Kwenye krusedi tunajua kushirikiana: tunakodi uwanja, tunaunda kamati, wachungaji wa makanisa kumi wanaketi jukwaani, kisha mahema yanang'olewa na kila mtu anarudi kwake. Nazungumzia Jumatatu asubuhi, pale kwenye ngazi za ploti, jengo la vyumba vya kupanga, mnapopishana na ndoo za maji.

Chukueni ghorofa moja ya mtaa wa Pipeline au Kayole hapa Nairobi. Mlango wa kwanza ni Mmethodisti wa Meru, wa pili ni wa Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, kutoka Vihiga, wa tatu ni Msabato wa Kisii. Juu yao yupo mtu wa AIC (Africa Inland Church) kutoka Machakos, Mpresbiteri wa Nyeri, Mwanglikana wa Siaya na Mkatoliki wa karibu kila kaunti. Mchanganyiko huo una asili yake. Misheni za Kiprotestanti zilikuwa na desturi ya kugawana maeneo ili zisigombanie watu: African Inland Mission ilianzia Nzaui huko Ukambani mwaka 1895, Marafiki wakafungua Kaimosi mwaka 1902, Waskoti, yaani Wapresbiteri wa Scotland, wakajenga Thogoto na Tumutumu, nao Wamethodisti wakatoka pwani wakapanda hadi Meru. Mtu aliyezaliwa katika kijiji fulani alilikuta kanisa lake limekwisha kuchaguliwa, na jirani yake, na jirani ya jirani yake, walikuwa wa kanisa hilohilo. Mpango huo ulifaa mashambani kwa wakati wake. Nairobi haukufaa hata siku moja, kwa sababu Nairobi kila eneo limehamia jijini na kupanga chumba kando ya lingine. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni nne katika jiji hili, na hakuna misheni iliyowahi kuchora mpaka kati ya mlango wa tatu na mlango wa nne. Mpaka huo tumeuchora sisi wenyewe, nasi ndio tunaoulinda.

Matokeo yake mnayajua. Jirani asiyeamini anagongewa mlango Jumamosi na watu wa kanisa moja, Jumapili jioni na watu wa kanisa la pili, na katikati ya juma anakutana na karatasi ya mwaliko wa kanisa la tatu imesukumwa chini ya mlango. Wote wanaanza mwanzo. Hakuna anayejua kwamba juzi alimwambia mwenzetu kuwa mkewe amemwacha, wala kwamba kitu kinachomzuia si kukosa imani, bali ni deni alilokopa kwa mzee wa kanisa. Lile alilomfungulia mmoja halimfikii wa pili, kwa hiyo kila mara anatendewa kama mgeni, naye hatimaye anajifunza kutofungua.

Sasa nisikilizeni kuhusu soko la Gikomba, na wale waliokwisha kuisikia habari hii wanivumilie, kwa sababu sijapata mfano unaoishinda. Wako akina mama wanne wanaouza mitumba katika safu moja ya vibanda. Mmoja ni Mwanglikana, mmoja Mkatoliki, mmoja Mpentekoste, na mmoja ni Mkorino, wa lile kanisa la Kiafrika la wavaa vilemba. Kijana aliyekuwa akiwabebea marobota alikuwa ameacha kanisa tangu aje mjini, na pesa yake ya siku iliishia kwenye chang'aa kabla ya magharibi. Wale wanne walimpenda kijana yule, na kila mmoja kwa siri alikuwa ameanza kumwalika kanisani kwake. Mama Mwanglikana ndiye aliyegundua kwamba wanamvuta huku na huku, akawaita wenzake kabla marobota hayajafunguliwa, akasema: huyu mtoto tutamchosha. Wakapatana. Mama Mwanglikana, aliyetoka kijiji cha karibu na kwao kijana na anayeijua lugha ya mama yake, ndiye angezungumza naye mambo mazito. Mama Mkorino angemwombea, na kila alfajiri angempa chai na mkate ili asianze siku na njaa, maana njaa ndiyo iliyompeleka kwenye pombe mapema. Mpentekoste angesoma naye Injili ya Marko wakati wa mapumziko, mistari michache tu. Mkatoliki, ambaye mumewe anaishi na kufanya kazi upande ule kijana alikopanga, angemtuma mumewe amtembelee jioni, saa ile ambayo vishawishi huwa vingi.

Tazameni kilichomo humo. Hakuna aliyeficha kanisa lake, wala hakuna aliyeombwa kuacha fundisho lake. Walichoacha ni kumgombania. Na walikuwa na desturi ya kuambiana: leo amesema hivi, leo hakuja kazini, leo usimguse kwa maneno, ana uchungu. Miezi ilipita, kijana akaacha kunywa, akaanguka, akainuka, na mwishowe akabatizwa katika kanisa lililo karibu na anakolala, ambalo si la yeyote kati ya wale wanne.

Ndipo mmoja wao akapata taabu. Katika kanisa lake kuna fomu ya idara ya uinjilisti, yenye nafasi ya kuandika idadi ya watu ulioleta katika kipindi hicho. Mama yule aliiacha nafasi hiyo tupu, kwa kuwa kwa kweli hakuwa ameleta mtu kanisani kwake, naye akaulizwa mbele ya wenzake anafanya nini huko sokoni. Ndugu zangu, jambo hilo linanikera hadi leo. Mwanamke aliyetumika kwa uaminifu kuliko wengi wetu aliaibishwa na karatasi! Paulo aliwaambia Wakorintho, "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Katika fomu ile, Paulo angeandika sifuri na Apolo angeandika sifuri. Wachungaji mlio hapa, nawasihi kwa heshima yote: ifuteni nafasi ile. Ulizeni badala yake mtu huyu anamwombea nani, anashirikiana na nani, na jirani yake anaendeleaje.

Najua kuna anayeniuliza moyoni: je, mafundisho? Msabato na Mpentekoste watamwambia nini kuhusu siku ya ibada? Mbatisti na Mwanglikana watasema nini kuhusu ubatizo wa watoto? Ni maswali ya kweli na siyadharau. Mwaka 1913 misheni za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, kutafuta njia ya kushirikiana, na mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Askofu Mwanglikana Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, na mzozo ukavuka bahari hadi Uingereza. Shirikisho walilolikusudia halikupatikana. Lakini mwaka 1918 misheni hizo ziliunda umoja wa kazi, na kutokana nao ikatoka shule ya Alliance mwaka 1926. Maana yake ni kwamba waliokwama kwenye Meza walipata njia ya kufundisha watoto pamoja. Sisi hatuombwi kumaliza leo yale ambayo maaskofu hawakuyamaliza. Tunaombwa kuambiana habari za jirani mmoja, na anayetaka kujadili Sabato atajadiliana na mtu aliyekwisha kumjua Yesu.

Mipaka ipo, naam. Anayemkana Kristo kuwa Bwana, au anayemwambia mgonjwa atume pesa kwanza ndipo aombewe, huyo simwiti mwenzangu katika kazi hii, na kumwonya jirani dhidi yake ni sehemu ya upendo.

Na yule anayesema kwamba ushirikiano wa namna hii utawafanya watu wasiwe wa kanisa lolote, nampeleka kwa ndugu wa Uamsho. Uamsho ule ulianza Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika kwetu muda si mrefu baadaye. Waliokoka wakiwa Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, wakakutana kila juma kuungama na kushuhudia pamoja, na Jumapili kila mmoja akarudi katika kanisa lake, mara nyingi akiwa mshirika bora kuliko alivyokuwa. Hakuna aliyehitaji kuanzisha dhehebu ili apendane na ndugu yake.

Tena, ushirikiano huu tayari tunauweza. Jirani akifiwa katika ploti, jioni ileile kamati ya mazishi inaundwa, mweka hazina anaweza kuwa Mkatoliki na katibu akawa Msabato, kwaya zinapokezana usiku kwa usiku, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa kundi gani kabla ya kutoa mchango. Tunayemfanyia hayo amekwisha kufa. Kwa nini tusimfanyie mtu angali hai, anatusikia, na bado anaweza kujibu?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza kuhusu kazini, nitasema tu kwamba muda wa mwajiri ni wa mwajiri, na ushuhuda wa mtu anayetoroka kazi ili ahubiri hausikiki. Kuhusu majirani zetu Waislamu, tuwasalimu, tule nao, tuseme ukweli wetu kwa adabu na tusiwatukane kwa vipaza sauti. Kuhusu vijana, wenzangu watasema kesho.

Kwa hiyo, kabla hamjanywa chai, tutafanya jambo moja humu ukumbini. Msikae kwa makanisa yenu. Watu wa Pipeline na Embakasi waje mbele upande wa kushoto, Kayole na Umoja upande wa kulia, Kibra na Kawangware katikati, Eastleigh na Pumwani nyuma karibu na mlango. Wengine watafuteni walio karibu nanyi. Kila mmoja amtafute mtu wa ploti yake au mtaa wake ambaye si wa kanisa lake, wapeane namba za simu, na kabla ya kuachana watajiane jina la jirani mmoja tu ambaye wote wawili wanamfahamu.