Jinsi ya Kupiga Hesabu ya Safari ya Ndege: Mafia hadi Kilwa Masoko

Karibuni watazamaji. Leo tunapima umbali wa anga kati ya viwanja viwili vidogo vya pwani ya kusini ya Tanzania, Mafia na Kilwa Masoko, kisha tunatafuta muda wa safari. Shika kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu.

Fungua ramani ya mtandaoni. Usiandike "Kilwa" peke yake, maana unaweza kupelekwa Kilwa ya Kongo, kando ya Ziwa Mweru. Andika HTMA kwa Mafia na HTKI kwa Kilwa Masoko. Hizo ndizo herufi za marubani. Kwenye tiketi utakuta MFA na KIY.

Bonyeza kila kiwanja usome latitudo na longitudo. Mafia iko digrii 7 na dakika 55 kusini, digrii 39 na dakika 40 mashariki. Kilwa Masoko ni digrii 8 na dakika 55 kusini, digrii 39 na dakika 31 mashariki. Ziandike juu na chini, kama ninavyofanya hapa.

Sasa tazama kwa makini, kwani hapa ndipo penye utamu. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.852. Tofauti yetu ni digrii moja, yaani dakika 60 (za ramani, si za saa), kwa hiyo tunashuka kusini maili 60. Kuelekea magharibi tofauti ni dakika 9, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, zihesabu kama maili 9. Zidisha 60 kwa 60, zidisha 9 kwa 9, jumlisha, utapata 3,681. Tafuta kipeuo cha pili: takriban 60.7. Hizo ni kama kilomita 112.

Hakikisha kwa rula ya ramani. Mstari utapita baharini na kukiacha kisiwa cha Songo Songo upande wa kulia.

Tuje kwenye muda. Tuchukue Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayoonekana sana kwenye viwanja hivi, ikienda maili 160 za bahari kwa saa. Gawanya 60.7 kwa 160, zidisha kwa 60: dakika 23. Ongeza kama dakika 10 za kuruka, kupanda na kujipanga kutua.

Halafu usisahau upepo. Wakati wa kusi, anayekwenda Kilwa anaukabili. Ukimpunguzia rubani maili 20 kwa saa, zile dakika 23 zinakuwa 26. Wakati wa kaskazi, upepo wa nguvu hiyohiyo ukisukuma kutoka nyuma, zinashuka hadi 20. Manahodha wa majahazi walipanga safari zao kwa pepo hizi hizi, na rubani naye anazihesabu.

Hatua ya mwisho wengi huiruka: angalia njia iliyoandikwa kwenye tiketi. Ikiwa inapitia Dar es Salaam, rudia hesabu kwa vipande viwili. Mafia hadi Dar ni karibu kilomita 126, Dar hadi Kilwa karibu 230. Jumla ni 356, zaidi ya mara tatu ya mstari wetu, na bado hujaweka saa za kusubiri ndege ya pili. Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mwenyeji wako aje kukupokea, muulize wakala swali moja: ndege inatua wapi njiani?