Ubongo wa mtu mwenye skizofrenia hubadilika vipi miaka ikisonga

Mhadhara kwa familia za wagonjwa, Kaloleni, Nairobi

Wazazi wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza. Kuna neno ambalo huniuma kila ninapolisikia kliniki. Mzazi ameambiwa na mtu, wakati mwingine na mtu mwenye elimu kabisa, kwamba ubongo wa mwanawe mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, umeanza kuoza na utazidi kupungua mwaka hadi mwaka mpaka uishe. Akishayasikia hayo huvunjika moyo. Nauli ya kumleta kijana kliniki anaiona hasara, dawa anaziona ni kutwanga maji kwenye kinu. Mimi nasema ubongo wa kijana huyo haujaoza. Ila sitawadanganya pia, mabadiliko yapo, na ni haki yenu kuyajua.

Fikra hiyo ina umri mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Emil Kraepelin alieleza ugonjwa unaowashika vijana na kuwadhoofisha akili, akaamini kwamba kwa wengi wao mwisho ni kuporomoka. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Uswisi aliupa jina la skizofrenia, akasisitiza kwamba si wote wanaoporomoka. Kumbukeni wagonjwa wa enzi hizo walifungiwa miaka na miaka bila dawa. Dawa ya kwanza iliyofaa, klopromazini, ilianza kutumika Paris mwaka 1952.

Mwaka 1976, Eve Johnstone na wenzake huko London waliwapiga picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha ndani ya kichwa, wagonjwa 17 waliokaa hospitalini kwa muda mrefu. Katikati ya ubongo wa kila mmoja wetu kuna vyumba vyenye maji. Kwa wagonjwa wale vyumba hivyo vilikuwa vipana kuliko vya watu wazima wa afya. Baadaye zikaja picha za MRI, zinazopigwa kwa sumaku, na mwaka 2018 watafiti wa nchi nyingi walijumlisha picha za wagonjwa zaidi ya 4,000, wakakuta gamba la nje la ubongo ni jembamba kidogo, hasa sehemu za mbele na za ubavuni. Hapo nisikilizeni vizuri: ni kidogo, na ni wastani. Ukichanganya picha za wagonjwa na za wasio wagonjwa, nyingi huwezi kuzitenganisha kwa macho. Ndiyo maana daktari hawezi kumpima mwanao skizofrenia kwa picha peke yake, na anayekutoza pesa kwa ahadi hiyo anakuibia.

Sasa, kwa nini gamba liwe jembamba? Si kwa sababu seli zinakufa kwa wingi kama zinavyokufa katika Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Kinachoshukiwa zaidi ni kupungua kwa maungio, zile sehemu ndogo ambapo seli moja hupashana habari na nyingine. Katika ujana ubongo wa kila mtu hupunguza maungio yasiyotumika, kama mkulima wa kahawa kule Kiambu anavyopogoa matawi ili mti uzae vizuri. Mwaka 1982 Irwin Feinberg alipendekeza kwamba katika skizofrenia upogoaji huo huenda hauendi sawa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aina fulani za jeni ya C4, ambayo kazi yake inahusiana na upogoaji huo, huongeza hatari ya kuugua. Kwa hiyo si kosa la malezi, wala si laana ya ukoo.

Na wakati wenyewe ndio muhimu. Tofauti nyingi huonekana tayari katika picha ya kwanza kabisa, mgonjwa akiwa hajamaliza hata mwezi hospitalini. Kwa baadhi huanza hata kabla: mwaka 2003, watafiti wa Melbourne walifuatilia vijana waliokuwa katika hatari ya kuugua, na wale walioishia kuugua walipoteza sehemu ya gamba katika kipindi hicho hicho. Kwa hiyo kijana wa Form Four anayeziba soketi kwa karatasi, anayelala mchana na kukesha usiku, anayeapa kwamba makanga wa matatu wanamsema, huyo ndiye wa kukimbiziwa daktari. Muombeeni, hakuna anayewakataza. Lakini muombeeni huku mkimpeleka, iwe Mathari pale Thika Road au kliniki iliyo karibu. Miezi inayopotea mkizunguka kwa waganga ni miezi ambayo maradhi yanafanya kazi bila kuzuiwa.

Kuna swali ambalo najua liko mioyoni mwenu: dawa zenyewe je? Hili wengi hawapendi kulisema hadharani. Mwaka 2005, ilitangazwa kwamba nyani waliopewa haloperidoli au olanzapini, dawa zinazotumika kutibu skizofrenia, kwa miezi 17 hadi 27 walionekana kuwa na ubongo mdogo kwa asilimia 8 hadi 11. Mwaka 2011, watafiti wa Iowa waliofuatilia wagonjwa 211 kwa miaka mingi waliona kwamba waliopewa dawa nyingi zaidi walipoteza zaidi kidogo. Lakini timu hiyo hiyo, mwaka 2013, ilikuta kwamba muda mrefu wa kurudiwa na ugonjwa nao unaambatana na upungufu. Basi mtu asichukue nusu ya habari akaenda kutupa vidonge. Mgonjwa akiacha dawa ghafla, uwezekano wa kurudiwa ni mkubwa. Ninachokitaka ni dozi ndogo kuliko zote inayomtuliza, na daktari anayeipitia upya badala ya kuiandika vilevile kila mwezi.

Mazoezi nayo yana nafasi. Mwaka 2010, Ujerumani, wagonjwa walioendesha baiskeli za mazoezi kwa miezi mitatu waliongezeka ukubwa wa sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, ila miguu haihitaji bajeti, na moyo na sukari vinafaidika hata hivyo. Bangi je? Mwachishe.

Mama mmoja niliyemhudumia hununua daftari la shule na kuandika: tarehe ya sindano ya dawa, saa za kulala, siku kikombe cha chai kilipotetemeka mkononi mwa mwanawe. Kwa daftari hilo tulijua dozi ya sindano ilikuwa kubwa, tukaipunguza taratibu, mwezi kwa mwezi, na mtetemo ukapungua. Nataka kila nyumba hapa ianzishe lake wiki hii, na mnapokuja kliniki mlifungue mbele ya daktari kabla hajaandika chochote. Sasa, maswali.