Mdogo wangu wa Mwanza, usiache kazi ya kuvuta nyaya

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Hapa Frankfurt ni saa moja na nusu asubuhi, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi na nasubiri tramu barabara ya Hanauer Landstraße. Mtasikia upepo kwenye maiki, mnisamehe. Nilitaka nikalale kwanza ndiyo nirekodi, lakini usiku wa manane nilisoma ujumbe mmoja na umenikaa kichwani mpaka saa hizi.

Umetoka kwa dada mmoja wa Mwanza. Ana stashahada ya TEHAMA, na ana mwaka na kitu kwenye kampuni ndogo ya kusambaza intaneti. Anapanda minara, anavuta nyaya kwenye maduka ya watu, anabana plagi. Wenzake aliosoma nao wanamcheka, wanamwita fundi waya. Anataka aache kazi, akae nyumbani miezi sita asomee CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, halafu atafute njia ya kuja Ulaya kufanya uhandisi wenyewe. Ananiuliza: kaka, unanishauri nini?

Mdogo wangu, usiache. Kazi ya kusimamia mtandao ninayoifanya kwenye jengo hilo hapo nyuma yangu nimeipata kwa sababu ya hoteli moja ya Zanzibar, na kule hotelini nilikuwa mvuta nyaya kama wewe.

Nilikuwa kibarua wa kampuni ya Dar, tunafunga mitandao mahotelini. Hoteli ile ikalalamika kwamba mchana kutwa intaneti ni nzuri, ikifika jioni inakufa. Tena haifi kwa wote. Mgeni wa chumba hiki anapata, jirani yake hapati. Tukabadilisha ruta, haikusaidia. Tukampigia mtoa huduma, akasema kwake hakuna tatizo. Siku ya pili nikakaa chini ukumbini na kompyuta moja iliyogoma, nikaangalia imepewa anwani gani. Mtandao wetu wote tuliupanga kwenye anwani zinazoanza na 10.20. Kompyuta ile ilikuwa na anwani inayoanza na 192.168.1. Mtandao nimeufunga kwa mikono yangu, na namba hizo hatukuziandika popote.

Ikabidi niamini kwamba mle ndani kuna kifaa kingine kinachogawa anwani. Kwa wasiojua, simu au kompyuta ikiingia kwenye mtandao inapiga mbiu: nani atanipa anwani? Anayewahi kujibu ndiye inayemsikiliza, awe mwenye nyumba au mpita njia. Kazi hiyo ndiyo DHCP. Jioni wagawaji walikuwa wawili, ndiyo maana wengine walipata na wengine wakakosa.

Nikachukua anwani ya MAC ya yule mgawaji wa pili, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, nikaingia kwenye swichi kuu, kifaa kinachounganisha nyaya zote, kuangalia anwani hiyo inatokea tundu gani. Tundu la 14. Nikaushika waya wa 14, nikaufuata juu ya dari, nikashuka nao bustanini, mpaka baa ya ufukweni. Chini ya kaunta kulikuwa na ruta ndogo ya nyumbani. Mhudumu aliileta apate Wi-Fi ya kupigia muziki, akaichomeka tundu ambalo silo. Na baa ile ilikuwa inafunguliwa saa kumi na moja jioni.

Nilikaa pale sakafuni nikitetemeka kwa furaha, siwezi kuificha. Usiku ule nikasoma mpaka nikaelewa kwamba swichi zenye uwezo huo unaweza kuziamuru majibu ya DHCP yapokelewe kutoka tundu moja tu, mengine yatupwe. Somo hilo lilikuwemo kwenye kitabu nilichopita nacho chuoni. Nilikuwa nimelikariri, nikafaulu, likatoka.

Miaka ikapita, nikaja huku. Njia yangu najua mtaiuliza, na nitaipitia haraka: nilikuja kwa Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka mitatu. Siku nyingine uko kazini, siku nyingine uko shule ya ufundi, unalipwa posho, na mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba ya viwanda na biashara, IHK. Fani yenyewe inaitwa Fachinformatiker für Systemintegration. Kijerumani ujifunze kabla, tena kwa bidii. Na mkataba ni kati yako na kampuni inayokufundisha, kwa hiyo mtu akikuomba mamilioni ili akuuzie nafasi, mkimbie.

Nilipomaliza nikaomba kazi kwenye chumba cha kusimamia mtandao, hiki ninachokesha nacho. Kwenye usaili mzee mmoja akaniuliza: mteja anapata anwani lakini hafiki popote, unaanzia wapi? Nikamsimulia baa ya ufukweni. Sikumtajia kurasa, nilimtajia tundu la 14. Akaacha kuandika, akanisikiliza mpaka mwisho.

Sasa msidhani nikishafika huku nilikuwa nimeiva. Mwezi wa tatu kazini, saa nane usiku, nilipewa kazi ndogo. Kati ya swichi mbili kuna laini moja inayobeba mitandao ya wateja wengi, kila mmoja na namba yake ya VLAN inayomtenga na wenzake, na mimi nilitakiwa kuongeza namba moja. Kwenye swichi za Cisco, ili uongeze lazima uandike neno add kabla ya namba. Usipoliandika, swichi inaelewa kwamba namba hiyo peke yake ndiyo inayoruhusiwa, na zote zilizokuwapo inazifuta. Sikuliandika. Skrini ya ufuatiliaji ikajaa wekundu. Nikataka kurekebisha, nikakuta njia yangu mwenyewe ya kuingilia kwenye swichi ilikuwa inapita kwenye laini ile ile niliyoikata.

Mwenzangu alichukua waya wa konsoli, ule unaochomekwa moja kwa moja kwenye swichi, akateremka mpaka chumba cha mitambo akairudisha kwa mkono. Wateja walikaa gizani dakika 40, kwa neno la herufi tatu. Mkuu wa zamu hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: kabla ya kugusa, ulipanga kurudi vipi? Sikuwa na jibu. Tangu usiku ule, kabla ya badiliko lolote la mbali, naiamuru kwanza mashine ijiwashe upya baada ya dakika kumi. Nikijikata, inaamka na mipangilio ya zamani. Mambo yakienda sawa, naifuta ile amri, ndipo nahifadhi. Mnakumbuka Oktoba 4, 2021, Facebook na WhatsApp zilipotoweka takriban saa sita dunia nzima? Ilikuwa ni amri moja, imetolewa kwenye matengenezo ya kawaida. Kwa hiyo mdogo wangu, jifunze swali la kurudi ukiwa bado kwenye swichi ya duka moja la nguo, kabla hujakabidhiwa mtandao wa mji.

CCNA je? Isome, ni nzuri, lakini jioni baada ya kazi. Mtihani ni dola 300 za Kimarekani, zaidi ya laki saba za kwetu, na cheti kinaishi miaka mitatu. Ukikaa bila kazi, miaka hiyo inapungua na hela imeshatoka. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni bure. Kila tatizo ulilokutana nalo mtaani, lirudie mle usiku, uliharibu na ulitengeneze mpaka ulizoee.

Na hili la uhandisi wenyewe kuwa Ulaya linaniuma. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, nyumbani intaneti ikalegea nchi nzima, waliohangaika kuhamisha njia walikuwa vijana wa Dar na Nairobi, siyo sisi huku. Uhandisi gani tena uliozidi huo?

Basi Jumatatu ukifika kazini, tafuta daftari kubwa. Chora mtandao wote wa kampuni yenu: kila mnara, kila swichi, tundu gani linakwenda wapi, anwani zipi ziko wapi. Usimwombe mtu akuchoree. Utakwama sehemu, na pale utakapokwama ndipo ukaulize. Nina hakika mchoro huo kampuni haina, na ndani ya wiki chache kila linapoharibika jambo wataanza kukutafuta wewe.

Tramu yangu ile inakuja. Ukimaliza nitumie picha, dada yangu, nitakaa nayo nikuandikie. Ila funika nywila na anwani za wateja kwanza.