Si kila anayekosea ni mnafiki

Hili nimeshalisema mara nyingi na leo nalirudia, neno mnafiki tunalitumia ovyo. Baba anavuta sigara, anamwambia mwanawe usivute, mtoto anamgeukia, baba na wewe mnafiki! Jamani. Huyo baba anavuta hadharani, pakiti iko mfuko wa shati, kikohozi chake nyumba nzima inakisikia, sasa kaficha nini? Kashindwa kuacha, basi, na anachomwambia mtoto ni kweli tupu, tena nani anaijua sigara kumzidi yeye? Angekuwa anavuta kwa kujificha chooni, anatoka anatafuna pipi, anakaa mbele za watu anasema mimi sijawahi kuigusa na kuwasema wavutaji, hapo mwite mnafiki na mimi nitakuunga mkono.

Kuficha ndo roho ya neno hili. Limetoka kwenye Kiarabu, na wanalugha wao wa zamani walilihusisha na shimo la panya wa jangwani, mlango mmoja unaonekana, mwingine kaufunika kwa udongo kidogo tu, ukimfuata huku keshatokea kule. Wanafiki wa Madina wa zama za Mtume Muhammad, kina Abdullah bin Ubayy, wakikutana na waumini wanasema tumeamini, wakiwa na wenzao wanasema tulikuwa tunawacheza shere. Hata kwenye Biblia, Mathayo 23, Mafarisayo, kundi la dini la Kiyahudi, wanaitwa wanafiki na sababu iko palepale, wanatenda ili watu wawatazame.

Najua kuna atakayeniambia, mbona hadithi ya Mtume inataja alama tatu za mnafiki, akisema huongopa, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiana, si ina maana kila mwongo ni mnafiki? Hapana bwana! Alama ni alama. Homa ni dalili ya malaria lakini huwezi kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria.

Wengine wana majina yao. Anayebadili msimamo kila siku ni kigeugeu, na kama kabadili kwa hoja hata kigeugeu siyo. Anayekuwa huku na kule kwa pamoja, ndumilakuwili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba neno hili limekuwa la kuwaziba watu midomo. Mtu anakemea rushwa, anaambiwa mbona na wewe uliwahi kutoa, mnafiki mkubwa, watu wanapiga makofi na kikao kinafungwa, na ile rushwa aliyoitaja hakuna hata mmoja aliyeijibu.