Sheria za Maskini: Zilizofutwa na Iliyosafiri

Mabibi na mabwana, nianze na herufi moja: P. Mwaka 1697 Bunge la Uingereza liliamuru kila anayepokea msaada wa parokia, yaani eneo la kanisa lililokuwa pia eneo la utawala, ashone kwenye bega la kulia kitambaa chekundu au cha buluu chenye herufi hiyo, ya neno la Kiingereza "poor", yaani maskini, pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yake. Mke na watoto nao wavae. Asiyevaa, posho yake inakatwa. Ukipita sokoni kila mtu anajua unalishwa na nani. Amri hiyo ilidumu hadi 1810.

Mzizi wa mambo haya ni sheria ya 1601, zama za Elizabeth wa Kwanza: kila parokia itunze maskini wake kwa kodi ya wenye nyumba na mashamba. Neno zito hapo ni "wake". Sheria ya makazi ya 1662 ikaongeza kwamba mgeni anayeelekea kuwa mzigo arudishwe alikotoka. Basi parokia zikawa zinasukumiana wajawazito mpakani, maana mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa pale alipozaliwa.

Parokia nyingi za mjini zilikuwa ndogo mno kuubeba mzigo huo. Bristol ikatangulia 1696: parokia zake zikaunganishwa kwa sheria maalumu ya Bunge, zikapata chombo kimoja cha kukusanya kodi na kuendesha nyumba ya kazi, ambamo maskini alilazwa na kulishwa, ila kwa jasho. Miji mingine ikafuata, kila mmoja na sheria yake. Unataka kujenga? Nenda Bungeni. Mkopo haukutosha? Rudi Bungeni. Ndivyo sheria hizo zilivyoota kama uyoga.

Wanafunzi huniuliza: si 1948 ilimaliza yote? Kweli, Sheria ya Msaada wa Taifa ilitamka wazi kwamba mfumo wa zamani umekoma. Shina likakatwa, lakini visheria vya mji mmoja mmoja vikabaki kitabuni, havimlishi mtu wala havimdai mtu. Nyumba imeshabomolewa, sheria ya kuijenga ipo!

Tume ya Sheria ya huko, iliyoundwa 1965, ndiyo iliyokaa kuvipekua. Msidhani ni kazi ya kupitisha kalamu tu. Kuna ardhi inayoning'inia kwenye sheria hii? Kuna mfuko, kuna haki ya mtu? Halmashauri ya pale inasemaje? Ripoti ya 2012 ilitenga sehemu nzima kwa misaada ya maskini, na mwaka uliofuata Bunge likafuta sheria kamili 817 kwa mpigo, nyingi zikiwa za mambo mengine kabisa, kama barabara za ushuru na reli za India.

Nawasifu, ila kwa kinyongo kidogo. Wamefagia chumba asicholala mtu. Mfumo ule ulikuwa na pacha: msaada uko kwenu, ukitoka kwenu unaitwa mzururaji. Sheria ya Uzururaji ya 1824 ilimfunga anayeombaomba na anayelala nje. Bunge lao lilipitisha kifungu cha kuifuta mwaka 2022 tu, na hata hicho hakikuanza kutumika papo hapo.

Pacha huyo ndiye aliyepanda meli kuja kwetu. Kodi ya kuwatunza maskini hatukuletewa. Tulipewa fimbo bila mkate. Fungueni Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya 1945, vifungu vya 176 na 177, msome habari za wazembe na wazururaji: ni maneno ya 1824 yaliyovaa kanzu. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka Nguvu Kazi ya 1983, watu wanakamatwa Dar es Salaam wanarudishwa vijijini. Mimi nikiisoma habari hiyo naiona parokia ya 1662.

Malawi, mwaka 2017, mahakama yao ilibatilisha kifungu cha namna hii katika kesi iliyofunguliwa na mchuuzi. Uganda wakafuata 2022. Na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa haki hizo, na kwamba nchi zenye sheria hizo zizirekebishe au zizifute. Mahakama hiyo makao yake ni Arusha, hapa hapa nchini. Maswali tuanzie hapo.