Ziwa la Växjö lilisafishwa. Tanganyika haisafishiki

Wana Kigoma, hamjambo? Wazee wangu wa Ujiji, shikamooni. Leo natembea nanyi kando ya ziwa Trummen, hapa Växjö, kusini mwa Sweden, mji ninaoishi. Manispaa hii ina watu laki moja hivi. Kigoma Ujiji tumevuka laki mbili, kwa hiyo mtu asiniambie nawalinganisha na jiji kubwa.

Haya maji mnayoyaona yaliwahi kufa. Kwa miaka mingi mji ulimwaga humu majitaka yake, na kiwanda cha kitani nacho kikamwaga ya kwake. Ilipofika 1958 majitaka yakazuiwa, watu wakakaa kusubiri ziwa lipone. Wapi! Uchafu ulishalala kwenye tope la chini, na tope likaendelea kulisha mwani. Ndipo 1970 na 1971 wakaleta mashine za kunyonya tope, wakatoa karibu mita nzima. Tope hilo lilipokauka likatumika kama udongo wa bustani.

Sasa sikieni hapa. Trummen ina kina cha mita mbili hivi. Tanganyika ina mita 1,470. Nani atashuka kunyonya tope la kule? Mto unaotoa maji ziwani ni Lukuga peke yake, upande wa Kongo, na maji hukaa humo mamia ya miaka kabla ya kutoka. Tunachokitupa ufukweni kwetu, Katonga au Kibirizi, tunabaki nacho, sisi na wenzetu Warundi, Wakongo na Wazambia. Tutafunga uvuvi miezi mitatu kama 2024 ili migebuka na dagaa wazaliane, halafu tuwazalishe kwenye uchafu?

Ndiyo maana nasema kazi ya manispaa yetu iko huku juu, mtaroni. Mvua zikianza, mitaro ya Mwanga, hapo hapo mjini Kigoma, inashusha nini? Chupa za maji, pampasi, maganda ya ndizi na mihogo, na mchanga mwekundu wa milima tuliyoikata miti. Mifuko ya plastiki serikali kuu iliipiga marufuku Juni 2019, na tofauti tuliiona. Lakini mtaro si wa Dodoma, ni wa halmashauri. Kuweka wavu wa chuma mtaro unapokaribia ziwa, na watu wa kuuzoa kila baada ya mvua, kunahitaji mfadhili gani?

Taka za sokoni nyingi ni za kuoza. Huku kila nyumba inapewa mfuko wa karatasi wa mabaki ya chakula, unakaa kwenye kikapu chenye matundu chini ya sinki ili usilowe ukachanika. Mabaki yale yanatengenezwa gesi inayoendesha mabasi ya mji. Sisi tuanze na mboji tu. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Vijana wa Gungu wakikopeshwa mikokoteni na kupewa eneo, wazoe maganda ya soko, wawauzie mboji wakulima wa bonde la Luiche. Hiyo ni ajira kabisa.

Halafu kuna zile mita 60 za ufukwe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu humo. Ziwa lilipojaa, Kibirizi tuliona nyumba zikiingiliwa na maji. Naumia kuona bado watu wanauziwa viwanja pale, wanyonge wanaweka akiba yao yote majini. Manispaa ipande miti kwenye ukanda ule na iweke alama ambazo kila mnunuzi ataziona.

Jambo lililonigusa zaidi hapa ni hili: 1996 madiwani wa vyama vyote walikubaliana kwamba mji utaachana na mafuta ya petroli na makaa ya mawe. Uchaguzi umepita mara ngapi tangu hapo, azimio lipo. Kwetu baraza limeshikwa na ACT-Wazalendo, likashikwa na CCM, na mtaro ni uleule. Waheshimiwa madiwani, pitisheni sheria ndogo ya mitaro ambayo atakayekuja baada yenu hataifuta kwa sababu tu iliandikwa na chama kingine.

Na nyinyi mnaonitazama, mkutano wa mtaa ukiitwa nendeni, mumuulize mwenyekiti: mtaro wetu unazolewa na nani, siku gani, kwa fedha ipi? Majibu niandikieni hapo chini, pamoja na jina la mtaa.